Kupuliza Kaseti

Picha ilipoanza kukwaruza, au runinga ilipobaki kijivu tupu, kila mtoto alijua la kufanya. Kaseti ya gemu ilichomolewa, ikageuzwa mdomo juu, ikapulizwa kutoka ncha hadi ncha kama mtu anayepiga kinanda cha mdomo, kisha ikarudishwa taratibu huku waliokaa mkekani wamenyamaza. Mario akitokea, shangwe ilisikika mpaka kwa jirani. Asipotokea, kaseti ilipulizwa tena. Hakuna aliyefundishwa mbinu hiyo. Watoto wa Mombasa walipuliza, wa Dar es Salaam walipuliza, wa Chicago nao walipuliza, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ng'ambo ya bahari anafanya hivyohivyo.

Pumzi yenyewe haikuwa dawa. Mashine ambayo Nintendo iliiuza Marekani kuanzia 1985 ilitengenezwa ifanane na deki ya video: kaseti iliingia kwa mbele, kisha ikabonyezwa chini. Ndani mlikuwa na safu ya pini 72 zilizolegea kadiri zilivyotumika. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kurudisha, maana pini zilipata mahali papya pa kushika. Unyevu wa mate ulizidisha kutu polepole. Hata hivyo watoto hawakukosea kabisa. Walihisi kwamba gemu ni nzima na kasoro iko mlangoni, pale kaseti inapokutana na mashine.

Wanaobishana kuhusu gemu za zamani na za sasa kwa kawaida hushindanisha utamu. Mmoja atasifu Contra, mwingine atamwonyesha farasi wa Red Dead Redemption 2 anavyotoka jasho. Ni ubishi mzuri na unaweza kuchukua usiku mzima, lakini historia ya mashine hizi, ambayo sasa imevuka miaka 50, imeamuliwa zaidi na mlango ule. Gemu nyingi zilipotea zikiwa bado tamu, kwa sababu tu hazikuwa tena na pa kuchezwa.

Mwanzoni hapakuwa na kaseti. Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kukimbilia Marekani pamoja na familia yake akiwa kijana, kabla ya Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyebuni mashine ya kwanza ya kucheza kwenye runinga ya nyumbani, Magnavox Odyssey, iliyoanza kuuzwa 1972. Haikuwa na sauti wala haikuhesabu pointi. Nukta chache nyeupe zilitembea kwenye kioo, na mnunuzi alipewa karatasi za plastiki zenye michoro ya kubandika juu ya kioo ili nukta hizo ziwe mpira wa tenisi au mchezo mwingine. Kadi zilizochomekwa humo zilibadilisha njia za umeme tu, maana gemu zenyewe zilikuwa zimefungwa ndani ya nyaya za mashine.

Aliyezitoa humo ni mtu ambaye jina lake lilistahili kujulikana mapema zaidi. Jerry Lawson alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1940, akajifundisha umeme kwa kutengeneza redio na runinga za watu, na miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa wahandisi weusi wachache sana katika bonde la California lililokuwa likizaa kompyuta. Akiwa Fairchild aliongoza kazi ya Channel F, mashine iliyotoka 1976 ikiwa na gemu zinazochomolewa na kuchomekwa. Wazo la awali lilitoka katika kampuni ndogo iitwayo Alpex. Kazi ya Lawson na wenzake ilikuwa kuligeuza kuwa kitu ambacho mtoto angeweza kukishika, kukichomeka na kukichomoa mara elfu bila kuunguza mashine. Vifuko vyao vya plastiki ya njano vilifanana na kanda za muziki zilizotumika kwenye magari ya Marekani wakati ule. Kwa hiyo watoto wa Afrika Mashariki, walipoita kitu hicho kaseti miaka mingi baadaye, walikipa jina linalokaribia sana asili yake bila kuambiwa na mtu.

Channel F haikuuzwa sana. Lawson alitunukiwa na chama cha watengeneza gemu mwezi Machi 2011, akafariki mwezi uliofuata. Lakini tangu vifuko vile vya njano, gemu imekuwa na mwili wake na mashine imekuwa na wake. Gemu ingeweza kuazimwa, kuuzwa, kubadilishanwa shuleni, kurithiwa na mdogo mtu. Na kwa sababu hiyohiyo ingeweza kuachwa yatima.

Atari walilipeleka mbali wazo hilo la kaseti. Mashine yao ya 1977, iliyokuja kuitwa Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128, pungufu ya herufi zilizomo katika sentensi moja ndefu. Waliotengeneza gemu zake walilazimika kuchora picha mstari kwa mstari huku mwale wa runinga ukikimbia. Ilipopata Space Invaders mwaka 1980, familia zilinunua mashine nzima kwa ajili ya kaseti hiyo moja. Kisha ikaja tamaa. Howard Scott Warshaw alipewa wiki tano hivi kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi ya 1982. Kaseti zilijaa madukani hazina mnunuzi, soko la Marekani likaporomoka, na Septemba 1983 malori ya Atari yakamwaga shehena ya bidhaa katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico, ikamwagiwa zege juu. Kwa miaka 30 watu walibishana kama habari hiyo ni kweli au ni uzushi. Aprili 2014 jalala likafukuliwa, zikatolewa kaseti zipatazo 1,300, za E.T. na za gemu nyingine pia, zile zilizopendwa zikiwamo. Mojawapo ya E.T. hizo iko katika hifadhi ya taasisi ya Smithsonian mjini Washington.

Wakati Atari wanazika, Kyoto walikuwa wanazindua. Nintendo, kampuni ya mji huo iliyoanza 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa Famicom nchini Japani Julai 1983. Ilikuwa nyeupe na nyekundu, kaseti ikiingia kwa juu. Ile ya Marekani, iliyofuata 1985, ilifungwa kwa chipu ya ulinzi iliyokataa kaseti zisizo na ruhusa. Famicom haikuwa na kufuli hilo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofungulia mlango watoto wa nusu ya dunia. Viwanda vya Taiwani, kisha vya China, viliiga Famicom mpaka vikaweza kuibana mashine nzima ndani ya chipu moja. Urusi waliijua kwa jina la Dendy, Polandi wakaiita Pegasus. Afrika Mashariki ilifika kwa majina mengi, mara nyingine bila jina lolote, katika masanduku yenye picha za wanamieleka na mashujaa wa filamu ambao hawakuwamo ndani.

Humo ndani mlikuwa na padi mbili zenye nyaya fupi, bastola ya plastiki, na kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9,999. Aliyekuwa na subira ya kuihesabu aligundua kwamba ni gemu chache zinazojirudia kwa majina mapya, huku Mario akianzia hatua nyingine au akikimbia kasi zaidi. Haikumsikitisha mtu. Ndani ya chache hizo mlikuwa na Super Mario Bros., Contra, vifaru vya Battle City na bata wa Duck Hunt, na hizo peke yake zilitosha kumaliza likizo ya Desemba. Mtoto wa Nairobi mwaka 1998 alikuwa akicheza kazi bora za Japani za 1985, na kwake zilikuwa mpya kabisa. Upya wa gemu hupimwa na siku ilipomfikia mchezaji.

Waliozitengeneza walikuwa mafundi wa kubana matumizi. Super Mario Bros., kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka kwa muziki wa Koji Kondo, yote ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu. Wingu la angani na kichaka cha chini ni mchoro uleule uliopakwa rangi tofauti. Hatua ya kwanza inafundisha bila neno: uyoga wenye miguu unakuja, mchezaji asiporuka anakufa, na papo hapo ameshaelewa. Ugumu nao ulikuwa na sababu zake. Gemu nyingi za wakati ule zilitokana na mashine za kumbi, zilizoishi kwa kumla mchezaji sarafu. Zile za nyumbani zilikuwa fupi, hivyo zilifanywa ngumu ili zidumu. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyeshughulikia Gradius ya nyumbani mwaka 1986, aliiona ngumu mno hata kwake, akaficha mfululizo wa vitufe wa kumpa nguvu: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Katika Contra mfululizo huo ulitoa maisha 30. Watu ambao hawakumbuki namba ya simu ya kazini wanaukumbuka mpaka leo.

Ndani ya Nintendo hiyohiyo alikuwamo Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa kwanza kutunza mitambo ya kiwandani, na ambaye alikuwa na jibu lake kuhusu ukale na upya. Aliamini kwamba kipuri kilichozoeleka na kushuka bei, kikitafutiwa kazi mpya, kina faida kuliko kipuri cha kisasa ambacho hakuna aliyekielewa vizuri. Game Boy yake ya 1989 ilikuwa na kioo cha kijani kilichofifia. Mwaka uliofuata Sega walileta Game Gear yenye rangi na mwanga, ikila betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilikwenda na betri nne kwa saa nyingi zaidi, ikaanguka sakafuni na kuendelea, na Marekani ilikuja na Tetris ya Alexey Pajitnov, aliyoitunga Moscow 1984. Ushindi haukuwa na ubishi. Kivuli cha Tetris kilifika hata kwa wasio na Game Boy, kupitia vile vifaa vya bei nafuu vya kupanga matofali vilivyouzwa mitaani kote Afrika Mashariki.

Kisha kaseti ikapata mpinzani. Mwaka 1991 Sony ilitangaza mashine ya CD itakayofanya kazi pamoja na Nintendo. Siku moja baadaye Nintendo ikatangaza hadharani kwamba itashirikiana na Philips. Ken Kutaragi wa Sony aliendelea na kazi, na Desemba 1994 PlayStation ikaingia sokoni Japani. Nintendo 64, iliyotoka 1996, ilibaki na kaseti. Square, waliokuwa wameitengenezea Nintendo Final Fantasy kwa miaka, wakahamia Sony, na Final Fantasy VII ya 1997 ikajaza CD tatu.

Uamuzi mkubwa zaidi wa Sony ulikuja mwaka 2000. PlayStation 2 ilisoma CD za mashine iliyotangulia, na ikacheza filamu za DVD juu yake. Aliyenunua mpya hakulazimika kuzitupa za zamani. Si Sony walioanza, kwani Atari 7800 ya 1986 ilikubali kaseti za 2600, lakini hakuna aliyefanikiwa kiasi hicho: PS2 zaidi ya milioni 160 ziliuzwa, na hakuna konsoli nyingine ambayo imeuzwa kuliko hiyo.

Afrika Mashariki ndiko PS2 ilikoishi maisha yake ya pili. Mashine zilizotumika ng'ambo zilifika zikiwa na mikwaruzo, mafundi wakazifungua na kuzitia chipu zisome CD za kunakili, na vibanda vya gemu vikaota penye soketi ya umeme na benchi la mbao. Mchezaji alilipa kwa mechi au kwa muda, aliyefungwa alimpisha anayesubiri, na kelele za nje ya mlango zilitangaza matokeo kwa wapita njia. Mpira ulitawala, ukiwa Winning Eleven na baadaye FIFA. Humo vijana walijifunza majina ya mabeki wa akiba wa klabu za Uingereza ambazo mechi zao hawakuwahi kuziona.

FIFA 14, iliyotoka 2013, ilikuwa FIFA ya mwisho kutolewa kwa PS2. Ndiyo hiyohiyo iliyoisindikiza PS4 sokoni Novemba ya mwaka huo. Jina moja juu ya mashine mbili zilizopishana miaka 13! Hakuna tukio linaloeleza vizuri zaidi jinsi zamani na sasa zilivyokaa chumba kimoja. Kijana wa kibandani hakuhisi kwamba anacheza gemu ya kale. Alikuwa anacheza gemu iliyopo.

Lakini kwenye mashine zilizofuata PS2 njia ilikatika. PS3 za kwanza, za 2006, zilibeba ndani yake vipuri vya PS2 ili kusoma CD zake; vikaondolewa baadaye kupunguza gharama. PS4 nayo haikuweza kucheza gemu za PS3, ambazo ziliandikiwa prosesa ya Cell, yenye mpangilio wa pekee na mgumu kuigizwa. Kabati lililojaa gemu likawa bubu mbele ya mashine mpya. Microsoft walipotangaza mwaka 2015 kwamba gemu za Xbox 360 zitaanza kuchezeka kwenye Xbox One, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na shangwe hiyo ilistahili. PS5 ya 2020 inacheza karibu gemu zote za PS4, na Switch 2 ya Nintendo, ya 2025, inapokea sehemu kubwa ya zile za Switch. Watengenezaji wamerudi pale Sony walipokuwa mwaka 2000, baada ya hasara kubwa.

Hasara hiyo ina kipimo. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, ikakuta kwamba asilimia 87 haziuzwi tena na wenye haki zake. Duka la mtandaoni la Wii ya Nintendo lilifungwa Januari 2019, la 3DS na Wii U likaacha kuuza Machi 2023. Gemu za mpira zina tatizo la ziada, kwa kuwa zimejaa nembo, sura za wachezaji na nyimbo za kukodi. Mkataba unapoisha, gemu huondolewa dukani hata kama haina ubovu wowote.

Na sasa hata aliye na kopi mkononi hana uhakika. The Crew, gemu ya magari ya 2014, ilidai intaneti muda wote, hata kwa mtu anayeendesha peke yake. Machi 31, 2024 seva zake zilizimwa, na waliokuwa wameinunua wakabaki na plastiki. Mwaka huohuo gemu ya Sony iitwayo Concord ilitoka Agosti 23 na kuondolewa Septemba 6. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini kazi ya miaka ya wasanii wake ikazimwa pamoja nayo. Ulaya watu zaidi ya milioni moja wametia saini wakidai sheria ya kuwazuia watengenezaji wasiiache gemu iliyouzwa ikifa hivyo. Wana haki. Kaseti ya 9,999, iliyotengenezwa bila idhini ya yeyote, imedumu kuliko bidhaa halali ya makampuni yenye mabilioni.

Hili halizipunguzii hadhi gemu za sasa. Red Dead Redemption 2 ya 2018 inazidi gigabaiti 100, nafasi ambayo ingebeba Super Mario Bros. zaidi ya milioni mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo inaonekana kwa macho: matope, ukungu wa asubuhi, mtu wa dukani anayemkumbuka aliyemtukana jana. Mchezaji anaweza kuacha popote na kuendelea kesho, hali ambayo mzazi mwenye kazi huishukuru. Ugumu wa zamani nao umerudi kwa heshima katika Elden Ring ya Hidetaka Miyazaki. Stardew Valley ya 2016, iliyotengenezwa na Eric Barone peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ina picha za vitone kama za miaka ya 1990 na imewateka watoto ambao wazazi wao ndio waliokuwa watoto wakati huo.

Wakati mwingine kinachobaki hata si gemu. Mwaka 2005 Christopher Tin aliitungia gemu ya Civilization IV wimbo wa kufungulia, maneno yake yakiwa ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 "Baba Yetu" ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy. Kwaya za nchi nyingi zinauimba, na wengi wa waimbaji hawajawahi kuigusa gemu yenyewe.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho hakuna wimbo wala toleo jipya linaloweza kukirudisha. Bastola ya Duck Hunt haifanyi kazi kwenye runinga bapa. Kifyatulio kikivutwa, kioo huwa cheusi kwa nukta ya sekunde, mraba mweupe ukawaka mahali alipo bata, na jicho lililo ndani ya mtutu likaangalia kama limeuona mwanga huo. Runinga bapa huchelewa, hivyo bastola inaona giza. Bata wa Nintendo wanahitaji runinga ya chogo, na runinga za chogo zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Moja ilibaki katika duka la vitu vya rehani huko Oklahoma, Marekani. Mama mmoja aliinunua pamoja na mashine inayoiga Nintendo, ndugu wa zile zilizowahi kujaa Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli, Nairobi, ili mwanawe aanze kucheza Tetris ya 1989. Kwa miaka mingi wachezaji wazima waliamini kwamba gemu hiyo inaishia hatua ya 29, maana kuanzia hapo matofali hushuka kasi ambayo kidole gumba hakiwezi kuifuata. Vijana wakagundua mbinu ya kupiga mgongo wa padi kwa vidole vilivyopangwa, kama mtu anayepiga ngoma ndogo, ili kitufe kijigonge kwenye kidole gumba kilichotulia. Desemba 21, 2023, mtoto huyo, akiwa na miaka 13, alicheza kwa dakika zipatazo 38 mpaka hatua ya 157. Akafuta mstari mmoja zaidi. Matofali yakasimama, muziki ukakwama, na gemu ikaganda, ikiwa imefikishwa mahali ambapo walioiandika hawakutarajia mtu afike. Akashika kichwa, akasema havihisi tena vidole vyake.